Chumvi ya Kumngojea Mtani

Muyama, Kasulu
20 Mei 1973

Kwa Mwalimu Abdulrahmani, mtani wangu,

Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma lililoamua kuniondokea bila kuaga. Josephina mke wangu ni mzima, kahawa imeiva, na yule mbuzi niliyekuahidi amekufa. Nilimla kwa majonzi makubwa.

Jana tulimzika mzee Tharsisi, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Watu walikuwa wengi, nyimbo zilikuwa nzuri, ila hapakuwa na mtani hata mmoja. Hakuna aliyelala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Hakuna aliyeigiza kikohozi cha marehemu, ambacho mtaa mzima tulikijua. Watu walilia tu mpaka wakachoka. Mimi katekista nikasoma sala huku akili yangu iko Tanga, kwenye mkonge.

Unakumbuka? Mimi Mha wa kukata, wewe Mnyamwezi karani wa kuhesabu matita, ndugu zetu wote wako mwisho wa reli. Mtu akifa kule alizikwa na nani? Na watani wake. Ndio waliomwosha, ndio waliochimba, ndio waliowachekesha waliobaki. Siku ile tulipomzika yule Mmanyema tulishikana mikono juu ya udongo: atakayetangulia, mwenzake atalala kaburini kwake kwanza, alipashe joto, aseme ukweli wake wote mbele za watu. Ukaja kuwa mwalimu, serikali ikakuleta Kibondo, nikasema kumbe Mungu naye ana utani.

Sasa nina hofu, na hofu hii si mzaha. Nyinyi Waislamu hamngoji. Ukifa Kibondo alfajiri, adhuhuri umekwisha kufukiwa, nami hapa Muyama hata habari sijapata. Nikifika nitakuta udongo umekauka. Nitalala wapi? Nitamwambia nani ukweli wako? Wewe umesoma historia ya dunia. Je, hapana namna waliyoitumia watu wa kale kumngojea mtu?

Wako,
Ildefonsi


Kibondo
3 Juni 1973

Kwa Ildefonsi, Mha mla mbuzi wa wageni,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikafuta macho. Mke wangu Shamsia akaniuliza nina nini. Nikamwambia vumbi la chaki.

Umeuliza somo, keti usomeshwe. Wamisri wa kale walimkausha mfalme wao kwa magadi, wakamzungushia vitambaa vya kitani vilivyopakwa utomvu. Moyo waliuacha mahali pake, kwani waliamini utapimwa kwenye mizani huko aendako. Ubongo waliuvuta kwa ndoano kupitia puani, wakautupa. Kwako ndoano ingerudi tupu. Vitabu vinasema watu wa Babeli walizika wafu wao katika asali. Na hukuniambia wewe mwenyewe kwamba wazee wenu walisimulia habari za Mwami wa zamani, alivyofungwa ngozi ya ng'ombe na kukaushwa polepole juu ya moto, raia wakiambiwa tu kwamba mfalme anaumwa?

Kisha kuna Livingstone. Mwaka huu imetimia miaka mia. Alipokufa, Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Walipita kwetu Unyanyembe. Babu yangu alijisifu kwamba aliuona mzigo ule, lakini babu yangu alijisifu kwamba ameona kila kitu.

Mwisho wa somo. Mimi sitakaushwa wala sitatiwa asali. Nitaoshwa, nitavikwa sanda, nitasaliwa na kuzikwa upesi, kwani kumheshimu maiti kwetu ni kumwahisha. Hilo, mtani, siwezi kulibadili hata kwa ajili yako. Ukichelewa, umechelewa, nami nitakusamehe. Sijui kama wewe utajisamehe, na hapo ndipo vumbi la chaki liliponiingia.

Kwa upande wako mambo ni mepesi. Wakristo mnangoja, na usipoweza kungoja, dawa ipo. Nimenunua gunia la chumvi ya Uvinza. Nitalileta kwa lori la Hatungimana, yule Mrundi aliyehamia hapa Kibondo, mtu mnyoofu asiyejua mzaha. Ukimpa neno hulifikisha kama lilivyo. Nitamwambia: "Hii ni ya kumhifadhi mzee Ildefonsi asiharibike mpaka mtani wake afike." Liweke chini ya kitanda. Siku ukijisikia vibaya, anza kujipaka.

Wako wa kweli,
Abdulrahmani


Kibondo
Ijumaa, 15 Juni 1973

Dada yangu Josephina,

Sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Hatungimana amerudi jioni hii akatuambia amekuta msiba kwako Muyama, wanawake wanalia na vijana wanachimba kaburi la mzee Ildefonsi. Naandika kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Mume wangu anakuja na lori alfajiri, naye ndiye atakayekupa barua hii. Hajala. Amevaa kanzu ya Idi na kofia mpya aliyoshonewa Tabora, akaivua, akaivaa tena. Anajilaumu kwamba alimtumia rafiki yake chumvi ya maiti kwa mzaha, na mauti yakaifuata chumvi. Nimemwambia mauti hayafuati chumvi. Hanisikii.

Usimwambie nimekuambia haya. Kila barua ya mumeo inapokuja, wangu husema, "Shamsia, yule mjinga kaandika," kisha hunisomea kwa sauti, na akifika mwisho huanza tena juu. Hapa Kibondo sisi ni wageni, dada. Anayemwita mume wangu mjinga kwa mapenzi alikuwa mmoja tu.

Mungu akushike mkono.

Shamsia, Mama Adija


Muyama
20 Juni 1973

Mama Adija mpendwa,

Kwanza pumua. Nimeandika barua hii mwenyewe, ya kwanza ndefu tangu nihitimu kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iache ipumzike. Najua mumeo amekwisha kukusimulia, na katika kusimulia amejifanya shujaa. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Jumatatu ile Ildefonsi alikwenda hospitali Kasulu kwa ajili ya jino lake. Alisema atarudi kesho yake. Kesho yake hakurudi, wala Jumatano. Alhamisi likaja lori. Hatungimana akashuka katikati ya soko, kofia mkononi, sura imekunjamana, akauliza, "Kwa mzee Ildefonsi ni wapi?" Wakamwuliza una nini. Akasema, "Nina chumvi ya kumhifadhi mzee asiharibike mpaka mtani wake afike."

Mama Adija, ungekuwa wewe ungeelewaje? Mwanamume yuko hospitalini siku zote hizo, hajarudi, na sasa imekuja chumvi! Mimi nililisikia soko likilia kabla hata lori halijafika uani kwangu. Nilipoliona lile gunia nikajifunga khanga kiunoni, nikalia na wenzangu. Hakuna aliyegusa jembe tena, kahawa ikaachwa mitini. Mwanangu Anatoli akachukua machela na wenzake wakaenda Kasulu kumleta baba yao, na vijana wengine wakaanza kuchimba. Hatungimana naye alipoona tunalia akaamini, akavua viatu, akalia nasi, kisha akaondoka kurudisha msiba kwenu. Neno la mumeo lilizunguka likamrudia mwenyewe.

Jumamosi mchana mumeo alifika. Hakunisalimu. Alinishika mikono yote miwili, akanipa barua yako, akaenda moja kwa moja kaburini. Vijana walikuwa wamefika kiunoni tu, maana ardhi ya hapo ina mawe. Akawaambia, "Tokeni, hapa ni pangu." Akaingia na kanzu yake nyeupe, akalala chali.

Kwanza akadai kuku. Akapewa. Akadai jogoo, kwa kuwa kuku ni wa mtani mdogo. Akapewa. Kisha akaanza. Alimwiga Ildefonsi akiimba kanisani, ile sauti inayotangulia wimbo na kufika peke yake. Alimwiga akiombwa tumbaku, anavyogeuka kiziwi. Alimwiga akipanda baiskeli, suruali ndani ya soksi, akisukuma hatua nyingi kabla hajathubutu kuketi. Mimi mjane nilicheka, Mama Adija. Nilicheka mpaka khanga ikafunguka, na machozi yalikuwa yale yale.

Halafu akaacha kuigiza. Akafumba macho, akasema mle ndani, sauti imeshuka: "Mha huyu alinibeba mgongoni Tanga, nilipokuwa na homa na kila mtu alisema niachwe. Alinibeba akinitukana njia nzima kwamba mimi ni mzito. Sikuwahi kumshukuru. Nilimwambia mgongo wake una mifupa."

Na hapo, dada, ndipo mume wangu alipofika.

Taya lilikuwa limevimba, ndiyo maana walimweka hospitalini. Gari la misheni lilimchukua Ijumaa kwa njia ya juu, likalala njiani, akapishana na Anatoli na machela yake. Usoni alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, kimepita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini, vile vile tunavyomfunga maiti asibaki na kinywa wazi. Kusema hawezi. Amewakuta watu wamejaa kwake, amepita nyuma yao kimya kimya, amesimama ukingoni mwa kaburi, amesikia yote.

Aliokota udongo kidogo akamtupia mwenzake kifuani. Mumeo, macho bado amefumba, akasema, "Ngojeni bwana, mtani hajatoka!" Akatupiwa tena. Akafumbua macho.

Sikujua mwalimu mkuu anaweza kuruka vile. Wanawake walikimbilia migombani. Hatungimana alipanda juu ya paa la lori akipiga kelele, "Mana yanje! Mana yanje!" yaani Mungu wangu, na hakushuka mpaka alipomwona Ildefonsi akipiga chafya. Mimi peke yangu sikukimbia, kwa sababu nilitazama miguuni nikaona suruali iko ndani ya soksi. Nikasema, huyu ni wangu.

Walikumbatiana. Sitaandika zaidi juu ya hilo, ni lao.

Sasa wazee wakaleta neno. Kaburi likishafunguliwa haliachwi wazi, litamwita mtu. Lazima lipewe kitu. Kwetu hupewa mgomba. Ukang'olewa mgomba mzima uani kwangu, ukaletwa. Hapo Ildefonsi akawazuia wote kwa mkono. Akamvua mumeo kofia, ile mpya ya Tabora, akauvisha mgomba. Akaweka mikono nyuma, akashusha miwani isiyokuwepo puani, akatembea kuuzunguka kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi. Hakuweza kutamka hata neno, lakini kila mtu alimjua anayeigwa! Mumeo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Ildefonsi akalala mle kaburini kitambo, akatoka, akauzika ule mgomba kwa mikono yake, mtu asimsaidie. Ulikuwa mrefu kuliko shimo, shina likabaki juu juu upande wa miguuni.

Anatoli alirudi jioni na machela tupu, analia, kwa kuwa hospitali walimwambia tu kwamba mzee amekwisha chukuliwa, akamkuta baba yake anakunywa uji kwa mrija. Chumvi tuliwagawia waombolezaji wote, maana walikuja kwa moyo safi na haifai kuwarudisha mikono mitupu.

Kofia ilibaki kaburini. Kwa nini, mimi sijui. Mzee wangu kila nikimwuliza ananionyesha taya.

Josephina, Mama Anatoli, ambaye si mjane


Muyama
1 Julai 1973

Mtani wangu,

Taya limepona, ulimi umefunguliwa, jihadhari.

Kwanza, siimbi vibaya. Ninyi wengine huchelewa. Pili, tumbaku huwa imekwisha kweli. Tatu, mgongo wangu ulikuwa na mifupa kwa sababu ya posho ya mkongeni, nawe ulikuwa mzito kwa sababu ulikuwa ukila ya kwako na ya kwangu.

Sasa nisikilize. Nimesikia ukisema mambo ambayo mtu husemewa akiwa hana masikio. Nimesimama juu ya kaburi langu nikaona jinsi nitakavyoliliwa, na nani, na kwa sauti gani. Wafalme wale wa Misri walikaushwa na kufungwa vitambaa ili wadumu, hakuna hata mmoja aliyeambulia hilo. Mimi nililipata kwa kitambaa kimoja cha jino. Nilifurahi, Abdulrahmani. Nakuandikia wazi kwa sababu ukiwa mbele yangu sitakuambia.

Umeniandikia kwamba Shamsia anadai kofia. Mwambie hivi. Nilipouona ule mgomba unaletwa nilijua Mungu amenijibu. Wewe ulikuwa umefika kwangu, umelala, umesema. Deni la ahadi lilibaki upande wangu, nami nilijua lori halitaniwahisha kwako hata siku moja. Na hapo mbele yangu palikuwa na kaburi wazi, na watu, na wewe mwenyewe umesimama. Mgomba ule si mimi. Ni wewe. Ndiyo maana niliuvika kofia yako, ndiyo maana nililala kwanza kulipasha joto, ndiyo maana sikutaka mtu anisaidie udongo. Kinywa kilikuwa kimefungwa, lakini ukweli wako niliusema wote kimoyomoyo, na ulikuwa mwema kuliko unavyostahili.

Kwa hiyo siku yako ikifika, Mungu aiweke mbali, wakuoshe, wakusalie, wakuzike adhuhuri ile ile kama dini yako inavyotaka. Wasimngoje mtu. Mimi nimekwisha fika.

Ildefonsi


Kibondo
15 Julai 1973

Mha,

Nimeisoma barua yako mbele ya Shamsia kwa sauti, nikafika mwisho, nikaanza tena juu. Safari hii hakuuliza nina nini. Amesema kofia ibaki.

Sina la kuongeza, na unajua jinsi jambo hilo lilivyo adimu kwangu. Usiku nalala vizuri. Ila naomba mgomba huo usisomewe ibada ya aina yoyote, isije ikaonekana mbinguni kwamba nimebatizwa nikiwa sipo.

Abdulrahmani


Muyama
9 Februari 1975

Kwa marehemu Mwalimu Abdulrahmani,

Habari za huko uliko? Kibondo, nasema.

Sisi tumehamia kijijini, nyumba kwa mstari kando ya barabara, na Josephina sasa anawasikia majirani wote anaowataka na asiowataka. Shamba la zamani bado nakwenda kulipalilia. Nimekuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea huko.

Umeota.

Wale vijana waliung'oa mgomba na mizizi yake yote, na shina lilikuwa juu juu, unakumbuka. Mvua zilipokuja kaburi lako likatoa chipukizi. Wazee walikuja kutazama, wakatikisa vichwa, wakasema tangu dunia iumbwe hawajaona maiti mbishi namna hii. Mmoja akataka ung'olewe. Nikamwambia huyo ni Mnyamwezi, alitembea kwa miguu mpaka pwani, udongo kidogo utamzuia? Wakacheka, wakakuacha. Umekua, umenizidi urefu, na sasa umezaa. Mkungu ni mzito. Kila mtu anayepita husema, "Ego, naam, mwalimu amenenepa."

Nakuletea mkungu huo kwa Hatungimana. Nimemshika bega nikamwambia, wewe sema neno moja tu: ndizi. Usiseme za nani, usiseme zimetoka wapi, usiseme ziliota juu ya nini. Ameniapia.

Josephina anamsalimu Mama Adija sana.

Ildefonsi


Kibondo
20 Februari 1975

Mtani wangu Ildefonsi,

Hatungimana alifika, akasimama mlangoni na mkungu begani, jasho linamtoka kwa kujizuia. Akasema, "Ndizi." Akaniangalia tangu utosini mpaka vidoleni, akanigusa mkono kuona kama una joto, akaondoka mbio.

Shamsia alizipika na maharage. Tukawaita walimu wenzangu na majirani, ukumbi ukajaa. Adija mwanangu akauliza ni karamu ya nini, nikamwambia ni karamu ya matanga yangu, kula. Walipokwisha shiba nikawasimulia kisa chote, tangu mkonge mpaka mkungu, na nikawaambia kwamba nimezikwa na rafiki yangu, akanilalia kaburi kabla yangu, nikaota, nikazaa, na leo nimewalisha. Imamu wetu alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu mmoja mgeni kutoka Mtwara akauliza kama yeye naye anaweza kupata Mha.

Na mimi nilikula, mtani. Nilikula ndizi za kaburi langu nikiwa hai, mke wangu upande huu, mwanangu upande ule, barua yako mfukoni. Zilikuwa laini, tena tamu.

Hazikupungukiwa na kitu ila chumvi. Ile yangu mliigawa yote?

Abdulrahmani